Mtoto katapika Mandara, kashuka akawa mzima: ni mlima kweli au tunausingizia?

#1 MamaNusuNjia
Wakuu, za jioni. Nisaidieni kumaliza ubishi wa nyumbani, maana umeingia wiki ya pili.

Tulikwenda Kilimanjaro kwa matembezi ya siku moja, njia ya Marangu, lengo tufike Mandara, kile kituo cha kwanza, na kurudi. Mimi, baba watoto, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa miaka 7. Dar tulitoka Ijumaa alfajiri na gari letu, tukalala Moshi. Jumamosi saa 3 na nusu asubuhi tukaanza kutembea kutoka getini, Mandara tukafika saa 8 na nusu mchana. Njia nzima kijana alikuwa mzima, anahesabu kima, anauliza kila ua linaitwaje mpaka mwongozo akachoka akawa anajibu "hilo nalo ni ua".

Kufika Mandara, hata dakika 20 hazijaisha, kashika kichwa. Akatapika mara mbili, akalala kwenye benchi, hataki maji, hataki kuguswa. Mwongozo hakusita: "Mlima huo, mama. Tushuke." Baba yake akambeba mgongoni. Tunafika Kisambioni, pale pa kupumzikia katikati ya njia, mgonjwa anauliza kama mayai yamebaki. Akala mawili. Getini alifika kwa miguu yake, anaimba.

Mimi nasema mlima. Baba yake anasema ni gari na kona za kupanda Marangu. Mama mkwe anasema mtoto kapitishwa mbele za watu wengi bila kinga, kwa hiyo ni jicho. Nani yuko sahihi? Na nikimrudisha Septemba, nitakuwa mama wa namna gani?

#2 KitiChaMbele
Nimekaa hapa na karanga zangu. Mama mkwe apewe kipaza sauti kwanza.

#3 Mgumu Mstaafu
Mama, mwongozo wako kafanya kazi yake. Nimebeba mizigo mlima ule miaka 14, Marangu na Machame, nimeona watu wazima wenye vifua kama milango wanalia kama watoto. Mlima hauangalii misuli. Kutoka getini mpaka Mandara unapanda zaidi ya mita 800 kwa siku moja, na mtoto wako juzi yake tu alikuwa amelala usawa wa bahari. Huko juu oksijeni imeisha, inabaki kidogo kidogo.

Dalili ni hizohizo: kichwa, kutapika, kukataa chakula, kutotaka kuguswa. Dawa yake ni moja, kushuka. Kashuka kapona. Unataka ushahidi gani tena?

#4 Ngongongare
Umri je? Mimi nilisikia chini ya miaka 10 haruhusiwi kabisa.

#5 Mgumu Mstaafu
Miaka 10 ni kwa wanaokwenda kileleni. Wadogo wanaruhusiwa matembezi ya huku chini, msituni. Mandara wanafika wengi tu, hata wanafunzi wa shule za msingi wanapelekwa.

#6 KitiChaMbele
Mbona 2018 kuna katoto ka Kimarekani ka miaka 7 kalifika Uhuru? Magazeti yaliandika.

#7 Mgumu Mstaafu
Kalipewa kibali maalumu. Kibali maalumu ni maalumu, mkuu.

#8 MamaNusuNjia
Tafadhali binti yangu asiione #5. Ana miaka 10 tangu Februari.

#9 BabaMapacha
Mimi siko upande wa mlima. Mandara ni mita 2,720. Nimezaliwa nyanda za Kitulo, kule Makete, mita kama 2,600, na asubuhi tulikuwa tunakimbia shule na ndoo ya maji mkononi. La Paz kule Bolivia watoto wanacheza mpira mita 3,600. Sasa huyu katembea saa 5 taratibu, anahesabu kima, halafu mlima umkamate akiwa amekaa kwenye benchi?

Kijana alikosa maji. Muulizeni mama yake: alikunywa chupa ngapi?

#10 MamaNusuNjia
@BabaMapacha chupa ya nusu lita. Na haikuisha.

#11 BabaMapacha
Nimemaliza.

#12 NesiWaUsiku
Hujamaliza mkuu, na mfano wako umejipiga mwenyewe. Wewe na watoto wa La Paz mmezaliwa huko, miili yenu imezoea tangu tumboni. Swali ni la mtoto aliyetoka Dar jana yake.

Nimsahihishe na mzee wangu wa #3, shikamoo. Oksijeni haijaisha. Sehemu yake kwenye hewa ni ileile, asilimia 21, Kigamboni mpaka Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi inabeba kidogo. Mandara unapata karibu robo tatu ya kile unachopata pwani, kileleni karibu nusu.

Sasa kesi yenyewe. Kwa kawaida ugonjwa wa mlima hutajwa kuanzia mita 2,500, na Mandara imepita hapo kidogo tu. Lakini mara nyingi dalili hazitokei ukifika tu. Huja baada ya saa kadhaa, 6 mpaka 12 hivi, ndiyo maana wengi huumwa usiku wa kwanza wakiwa wamelala. Huyu kaumwa ndani ya dakika 20. Sisemi haiwezekani, nasema si picha ya kawaida.

Na jambo ambalo hakuna aliyeligusa: mtoto kutoka Dar anaumwa kichwa na kutapika. Mlipima malaria?

#13 MamaNusuNjia
Hatukupima. Alikula mayai mawili, nikajua yamekwisha.

#14 NesiWaUsiku
Mama, naongea kama dada yako. Mlima ukiwa karibu kila mtu anausingizia, na mtoto anarudi nyumbani na vimelea vyake. Malaria inaweza kumwacha mtoto anacheza asubuhi na jioni yuko hoi. Ukipima ikawa hakuna, basi turudi kubishana.

#15 Mgumu Mstaafu
Marahaba nesi. Hesabu za hewa nakuachia. Ila hizo saa 6 mpaka 12 ni za vitabu. Mimi nimeona mgeni anaweka begi chini na chakula kinarudi palepale.

#16 Kifaru Mwembamba
Kwani Mandara maana yake nini? Nilidhani ni jina la mangi, yaani chifu, wa Marangu.

#17 Mjukuu wa Rindi
Hapana. Mandara ni Mangi Rindi wa Moshi, wa Old Moshi siyo Marangu. Marangu ilikuwa ya Marealle. Na Horombo, kile kituo cha mita 3,720, ni jina la mangi wa Keni, upande wa Rombo. Kwa hiyo njia ya Marangu vituo vyake viwili vina majina ya wamangi wa kwingine. Wamarangu wenyewe wamebaki na geti.

#18 KitiChaMbele
Wamebaki na geti na ada ya kiingilio inapita mbele yao 😂

#19 Mama Sanje
Turudi kwa mtoto. Kwa umri huo kwa nini mnang'ang'ania Kilimanjaro? Nendeni Udzungwa. Hifadhi nzima unatembea kwa miguu, ndani hakuna barabara ya magari. Unalala Mang'ula, asubuhi unapanda maporomoko ya Sanje. Urefu wa kukamata kichwa haupo kabisa. Mnaona mbega wekundu wa Iringa, na yule ngolaga wa Sanje, tumbili ambaye wataalamu walimtambua 1979 tu, siku zote hizo alikuwa anapiga kelele msituni na hakuna aliyemwandika.

Mwanangu wa miaka 6 aligoma kabisa kwenye mwinuko wa kwanza. Alikaa chini, akavua kiatu, akasema miguu imekufa. Nikamwambia basi tusubiri ifufuke. Mara mbega wakaruka juu yetu, kundi zima. Miguu ilifufuka mbele ya macho yangu, kiatu nikakibeba mimi. Ndiyo maana nauliza hapa: dalili za mtoto mnazipima vipi? Mtu mzima akisema amekufa miguu unamwamini. Mtoto anaweza kuwa amechoka, ana njaa, amenuna, au anaumwa kweli, na sura ni ileile moja.

Sanje ndiyo maporomoko marefu kuliko yote Tanzania, mita 170.

#20 Mtu wa Kalambo
Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Kalambo yanapita mita 200. Njoo Rukwa.

#21 Mama Sanje
Kalambo tunagawana na Zambia, kwa hiyo nusu yake ni mita 100 na kitu.

#22 Mtu wa Kalambo
Maji yanaanguka kwenda chini mama, hayaanguki kwenda Zambia.

#23 NesiWaUsiku
@Mama Sanje hoja yako ya sura moja ni nzito kuliko mnavyoichukulia. Wengi wanasema watoto hukamatwa na mlima kuliko wakubwa. Haijaonekana hivyo, wanalingana tu. Tofauti ni kwamba mkubwa atakwambia "kichwa kinagonga", mdogo anakuwa mkorofi, anakataa chakula, analia bila sababu. Kwa hiyo kanuni ya wanaopanda na watoto ni kwamba akibadilika ukiwa juu, chukulia ni mlima mpaka ithibitike vinginevyo, na ushuke. Mwongozo wa #1 alikuwa sahihi kushuka hata kama hakuwa sahihi kuhusu ugonjwa.

#24 Mgumu Mstaafu
Hapo umesema.

#25 Ngongongare
Sisi tulipeleka wetu Meru, Hifadhi ya Arusha. Tulikusudia kituo cha Miriakamba, mita 2,514, tukaishia njiani kwa sababu askari wa hifadhi anatembea na bunduki mbele yenu kwa ajili ya nyati, na watoto hawakuuliza tena habari ya mlima. Maswali yote yalikuwa ya bunduki. Ina risasi ngapi, ushawahi kumpiga nyati, nyati akija kwa nyuma je. Hakuna aliyeumwa kichwa isipokuwa askari.

#26 BabaMapacha
😂😂 Hiyo ndiyo tiba. Mtoto akiwa na jambo la kuwaza haumwi.

#27 Fundi Kona
Mimi nasimama na baba watoto. Naendesha gari Moshi kwenda Marangu kila wiki. Zile kona, mtoto amekaa nyuma, dirisha limefungwa, ametoka kula. Nimeshasafisha viti vya kutosha.

#28 NesiWaUsiku
Fundi, kichefuchefu cha gari huisha ukishuka garini. Hakisubiri utembee saa 5 ndipo kije.

#29 Fundi Kona
Basi alikizuia.

#30 KitiChaMbele
Alikizuia kilomita 8. Huyo mtoto apelekwe jeshini.

#31 Dada wa Memorial
Jamani mavazi je? Naona hakuna aliyeuliza alivaa nini. Msitu ule unalowa hata siku isiyo na mvua. Nauza mitumba hapa Moshi, na kila wikendi naona watu wa Dar wanapanda na watoto wamevaa jinzi na fulana ya pamba. Pamba ikilowa jasho, ukifika juu ukakaa kwenye benchi upepo unapiga, mtoto anaanza kutetemeka na tumbo linageuka. Fulana ya sufu ya mtumba ni bei ya soda mbili, na koti la mvua. Mbona mnakuja na raba nyeupe kama mnakwenda harusini?

#32 MamaNusuNjia
Raba zilikuwa za kijivu 🙈 Lakini jinzi ndiyo, na fulana ndiyo, na koti lilikuwa kwenye begi la baba yake ambaye alikuwa mbele na binti.

Majibu ya malaria: tumepima leo, hakuna. Asante nesi. Ila mafua yamemshika tangu juzi, na dada yake pia ameanza kupiga chafya.

#33 NesiWaUsiku
Siku ngapi baada ya mlima?

#34 MamaNusuNjia
Karibu wiki mbili.

#35 NesiWaUsiku
Mbali mno. Hayo ni ya shuleni. Mafua tunayatoa kwenye orodha.

#36 Mpanda Pikipiki
Mwendo. Hamjaongelea mwendo. Pole pole siyo ya kuandika kwenye fulana tu. Mtoto hajui kutembea pole pole, anakimbia, anasimama, anakimbia. Akifika juu injini imechemka.

#37 BabaMapacha
Saa 5 kwa kilomita 8, mkuu. Konokono wa Kibosho wangewapita.

#38 MamaNusuNjia
Hapa niseme ukweli. Nusu saa ya mwisho haikuwa pole pole. Binti alisema wa kwanza kufika Mandara ndiye atapanda kuchungulia kreta ya Maundi, wa pili abaki na mama. Kijana alikimbia. Aliingia Mandara wa pili.

#39 Mama Sanje
Haa! Sasa tunaanza kuelewana. Kreta ya Maundi si robo saa tu kutoka Mandara? Kijana kakimbia kilima chote, kashindwa, kaambiwa abaki. Hata mimi ningetapika.

#40 Mgumu Mstaafu
Kunuka hakutapishi mtu mama.

*(nilikuwa na maana kununa)*

#41 KitiChaMbele
Acha hivyohivyo mzee, tutahitaji zote mbili.

#42 Mgumu Mstaafu
Nyie chekeni. Mimi nabaki palepale. Kukimbia juu ya mita 2,500 ndiko kunakouita mlima. Wageni tunawaambia pole pole siyo kwa sababu tunapenda kuchelewa, mzigo uko kichwani kwangu. Na mjibuni hili: kama ni maji, kama ni jinzi, kama ni dada, kwa nini kashuka kapona? Maji hakunywa. Jinzi hakubadilisha. Dada yupo.

#43 NesiWaUsiku
Mzee, alishukaje?

#44 Mgumu Mstaafu
Mgongoni mwa baba.

#45 NesiWaUsiku
Basi. Karibu saa nzima alikuwa abiria. Alipumzika, alipata joto la mgongo wa baba yake, mapigo yalitulia, jasho likakauka, na baba ameachana na dada amekuwa wake peke yake. Kushuka kunatibu mlima, kweli, lakini kupumzika kunatibu karibu kila kitu kilichotajwa kwenye uzi huu. Kupona kwake hakuchagui mshindi.

#46 Mjukuu wa Rindi
Hata jicho linatibika mgongoni mwa baba.

#47 MamaNusuNjia
Mama mkwe kasomewa #46, kafurahi sana, anauliza wewe ni wa ukoo gani.

#48 Kifaru Mwembamba
Kwa Septemba: laleni siku mbili Marangu kijijini badala ya Moshi, ni juu zaidi, mwili uanze kuzoea. Anzeni asubuhi kabisa. Chupa ya kujaza maji, siyo zile za kutupa, hazitakiwi mlimani. Kila nusu saa anywe kidogo hata akisema hana kiu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho chako beba, ada ya raia na ya mgeni hazifanani, na geti halijui sura yako. Masika usijaribu, msitu unakuwa sabuni.

#49 BabaMapacha
Au njooni Kitulo. Hifadhi tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu. Gari linakufikisha juu, kutembea ni kwenye majani na maua, tambarare. Desemba mpaka Aprili ndiyo uchanuaji.

#50 NesiWaUsiku
Kitulo ni mita 2,600 na anafika na gari, bila kuzoea. Unamtoa kwenye mlima unampeleka kwenye mlima.

#51 BabaMapacha
Mimi nilikua vizuri tu.

#52 KitiChaMbele
Tumeona.

#53 MamaNusuNjia
Wakuu kuna ushahidi mpya. Binti kasoma uzi (ndiyo, na #5 kaiona, sasa anataka Uhuru). Kasema kwenye gari asubuhi ile mdogo wake alimaliza ubuyu wake na wa kwake. Paketi mbili, kabla ya saa 3.

#54 Fundi Kona
NILISEMA. Gari!

#55 Mama Sanje
Ubuyu siyo gari, Fundi.

#56 Fundi Kona
Aliulia kwenye gari.

#57 Mpanda Pikipiki
Ubuyu mwingi, maji nusu chupa, mbio nusu saa. Kesi imefungwa.

#58 Mgumu Mstaafu
Haijafungwa. Ubuyu unaumiza tumbo. Na kichwa je? #1 inasema alishika kichwa kwanza, kutapika kukafuata. Someni kwa mpangilio.

#59 NesiWaUsiku
Hapo mzee ana hoja, nakubali. Kiu nayo inauma kichwa lakini.

#60 BabaMapacha
Asante nesi. Rejea #11.

#61 Ngongongare
Hivi kuna aliyemuuliza mgonjwa mwenyewe? Kurasa zote hizi, mtoto ana miaka 7, anaongea.

#62 MamaNusuNjia
Nimemuuliza sasa hivi, yuko mezani. Kasema haikuwa kichwa sana. Kasema pale kwenye benchi wapagazi walikuwa wanakaanga vitunguu jikoni, harufu ikamjia, na yeye vitunguu hapendi. Alishika kichwa kwa sababu alikuwa anaziba pua mikono ikateleza.

#63 KitiChaMbele
Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

#64 Mgumu Mstaafu
Miaka 14 nimekaanga vitunguu Mandara na hakuna hata mzungu mmoja aliyetapika. Sasa mnanichokoza.